Bi Ndoo na Mtaro wa Nyuma

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika hapa uani kumsindikiza mpendwa wetu, familia imemtuma mtoto wa dada yake mkubwa awasomee habari za maisha yake, nayo imemwagiza asome taratibu na asipambe kitu, kwa sababu marehemu hakupenda kitu kilichopambwa juu na kuoza chini.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi bomba na mshona nguo, na katika nyumba hiyo kitu hakikutupwa mpaka kikatae kazi yenyewe, vipande vya vitambaa vya mama vilijaza mito, mabomba ya baba yaliyotoboka yakawa nguzo za kamba ya kuanikia, na mtoto aliyeacha bomba likidondoka aliketishwa pale pale na kikombe, akinge tone kwa tone mpaka kijae, adhabu ambayo marehemu aliipata kuliko wenzake wote, na katika utu uzima wake aliisifu kuliko vyeti vyote.

Shule ya msingi aliianza Januari 1964 na kuimaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari hadi 1974, ambako walimu walimwona mwepesi wa hesabu na mzito wa kunyamaza, kisha akaingia chuo cha ufundi kusomea udobi, huku dada zake wakicheka hadi machozi, "Jamani, mtu anakwenda chuo kujifunza kufua!", naye akawajibu kwamba wao wameanza kufua utotoni na nguo za shule bado zinanuka jasho.

Tarehe 2 Mei 1977 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akapanda hadi kuwa msimamizi wa chumba hicho, akastaafu tarehe 31 Machi 2012, na huko alishika damu, usaha na matapishi ya watu asiowajua, bila kukunja uso, kwa hiyo asisimame mtu leo kusema marehemu alikuwa na kinyaa cha kujidai, uchafu wa mgonjwa alisema hauna kosa, kinyaa chake alikiweka akiba kwa uchafu wa mtu mzima, mwenye afya na miguu yake miwili, aliyeliona pipa akalipita. Shuka zilizochakaa alizikata zikawa vitambaa vya kufutia na mifuko ya kuwekea nguo za wagonjwa, maji ya suuza ya mwisho akayahifadhi yaloweke mzigo wa kesho, wala hakuitisha semina wala kupiga picha.

Alifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1981 na fundi redio, kijana aliyekuja kuposa na redio aliyoiunga kwa vipuri vya redio zilizokwisha kufa, wazee wakaulizana kama kweli mkwe huyu hana uwezo wa kununua mpya, mposwa akadakia kutoka jikoni, "Mwacheni huyo huyo, hatanitupa nikichakaa," na kweli hakumtupa, mpaka yeye mwenyewe alipotangulia mbele ya haki mwezi Agosti 2009. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1983, ambaye ni mwalimu, na wa kike aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye ni fundi umeme, na marehemu ameacha pia wajukuu watatu, wote wanaojua kuzima taa wakitoka chumbani.

Baada ya kustaafu alihamia katika maghorofa haya, nyumba ya chini kabisa, ule mlango unaotazama mtaro wa nyuma, na hapo ndipo mlipomjua, mkampa jina la Bi Ndoo. Ndoo zenyewe zilikuwa tatu mlangoni pake, moja ya maganda na mabaki ya chakula, moja ya chupa na makopo, moja ya kile kisichofaa tena kwa lolote, maganda aliyafukia kwenye shimo lake la mboji pembeni ya uzio, mboji ikaotesha mboga ndani ya makopo ya rangi, maji ya kuoshea mboga yakanywesha mboga nyingine, sokoni akaenda na mfuko wa shuka kuukuu, na kila mara mtu wa juu aliposhuka ngazi aliombwa, kwa upole na salamu zote, atenganishe taka zake kabla ya kuzitoa. Aliombwa akacheka. "Bi Ndoo, na mavi tuyapange kwa rangi?" aliuliza kijana mmoja wa ghorofa ya pili, marehemu akamwambia, "Ya kwako mwanangu yatoshe kuwekwa mahali pake, rangi tutaizoea," watu wakacheka tena, na jioni hiyo hiyo mfuko wa nepi ulirushwa kutoka roshani ya ghorofa ya tatu, ukapasukia kwenye mboga zake.

Mboga hizo, kwa faida ya wasiojua, aliziosha akawapelekea majirani, akiwemo Mwenyekiti wa kamati ya maghorofa haya, aliyekuwa akizila kwa moyo mkunjufu na kuandika barua za kulalamika kuhusu harufu ya shimo, ilhali shimo la mboji lililotunzwa hunuka udongo wa mvua, na harufu aliyoisikia Mwenyekiti ilitoka mtaroni, kwenye mabaki ya nyama, nywele za saluni na nepi zilizovimba kama mikate, ambamo funza walikuwa wamefanya makazi ya kudumu bila kulipa kodi.

Jumamosi ya tarehe 5 Aprili 2025 kamati ilifanya Siku ya Usafi. Zilishonwa fulana za kijani, likatundikwa bango la turubai lenye maneno makubwa kuhusu mazingira, mgeni rasmi akashika ufagio mpya ambao karatasi yake ya dukani ilikuwa haijabanduliwa, akafagia hatua chache mbele ya kamera, na kwa kuwa gari la taka halikuwa limeagizwa, maana fedha iliishia kwenye fulana, taka zote za ua, pamoja na chupa za maji na soda walizokunywa waliokuja kusafisha, zilisukumwa mtaroni nyuma ya turubai, ua ukang'aa kama sahani iliyorambwa. Marehemu alisimama mlangoni pake akawaambia, "Maji hufuata mkondo, nyie mnaniletea kwangu," akajibiwa asiharibu shughuli, mgeni bado yupo.

Mvua ilinyesha Jumanne alfajiri, tarehe 8, mtaro ukakataa, maji meusi yakarudi kwenye nyumba za chini, yakaingia jikoni kwake na kwa jirani yake mjane mwenye watoto wadogo, na watu wa juu walitoka kwenye roshani, wakatazama, wengine wakapiga picha. Marehemu alivaa buti za mpira, akachukua reki, akaingia mtaroni akiwa na miaka sitini na minane, akazibua kwa reki, na reki ilipogota akazibua kwa mikono, kipande cha chupa ya soda kikapenya buti na kumchana mguu, naye akauosha kwa maji ya chumvi, akaufunga kwa kitambaa, akaendelea kukausha nyumba ya mjane kabla ya yake.

Homa ilianza wiki iliyofuata, macho yakawa manjano, mkojo ukakatika, tarehe 16 Aprili alilazwa katika hospitali ile ile aliyofulia shuka zake maisha yake yote ya kazi, madaktari wakagundua ugonjwa unaotokana na mkojo wa panya kwenye maji machafu, ukashambulia ini na figo, na Alhamisi tarehe 24 Aprili, saa nne asubuhi, akafariki dunia. Mtaro ndio uliomuua, na mtaro haujijazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania hadi pumzi ya mwisho, inawashukuru wenzake wa chumba cha kufulia, waliompangia zamu za kumkeshea kana kwamba bado ni msimamizi wao, inamshukuru jirani mjane aliyempikia uji kila siku, na inawashukuru majirani wengine wote, kila mmoja kwa kiasi cha alichotenda, naye anakijua. Ombi la Mwenyekiti kwamba Siku ya Usafi ijayo ipewe jina la marehemu tumelipokea, nalo tumelikataa.

Limebaki jambo moja, halimo kwenye ratiba mliyopewa. Tangu jana msiba huu umegawa maji ya chupa, kosa hilo ni letu wafiwa, tuliagiza kwa haraka bila kufikiri, lakini chupa hazikwenda kwenye ndoo tatu zilizopo mlangoni, zimekwenda mtaroni, ilhali ndoo ziko umbali wa kunyoosha mkono tu, na wingu lile la mvua kila mmoja wetu analiona. Mjomba, mkubwa wa familia, amelikubali neno hili kwa shingo upande, ila amelikubali, kwamba jeneza halitainuliwa mpaka mtaro uwe mtupu, dereva wa gari ameshaombwa azime injini, wenzake wa kufulia wako pale kwenye uzio na glavu, buti na magunia ya kututosha sote, Mwenyekiti ametengewa reki ya marehemu mwenyewe, na gari la taka, safari hii, limeagizwa, liko getini.

Pumzika sasa, Mama Mdogo, tulia hapo ulipo, ukisikia kelele za reki usinyanyuke, leo zamu si yako.