Shuka la Odile

Benchi letu liko ubavuni mwa mkahawa wa Bi Zélie, limeelekea uwanja wa ndege, na kwa kawaida hapa ni kubishana tu mpaka kahawa iishe. Lakini Jumatatu ile kahawa ilikuwa ikipoa vikombeni. Odile Corvel alikuwa hewani tangu Jumamosi jioni, anauzunguka mji peke yake, akitafuta rekodi ya wanawake ya kukaa angani bila kutua. Alfajiri alidondosha kifuko chenye karatasi: saa yangu imesimama, muda ukitimia nitandikieni ishara. Mimi, fundi wa injini yake, ndiye niliyesema tutandike shuka jeupe katikati ya uwanja. Tukalitandika saa mbili kamili, muda wa rekodi ulipotimia. Sasa ilikuwa saa tatu, keshapita juu yake mara nne, na hatui. Petroli yake, kwa hesabu yangu, mwisho saa nne. Na baba yake, Mzee Corvel, tulikuwa naye hapo hapo benchini.

— Kasinzia, alisema Waziri, mstaafu wa posta. Mtu hakai macho siku mbili.

— Akisinzia si ataanguka? nikamwambia. Tazama anavyokata kona.

— Kona inakatwa na mkono, na mkono haulali. Mimi nimegonga mihuri miaka thelathini usingizini.

— Ndiyo maana barua zilikuwa hazifiki, akadakia Tarumbeta, aliyepiga parapanda jeshini wakati wa vita. Huyo shuka kaliona, kalidharau. Sasa anataka rekodi ya wanaume. Mvumilivu hula mbivu.

— Kwa petroli ipi?

— Basi ni baridi. Vitani nilimwona rubani kafia huko juu, ndege ikazunguka tu mpaka mafuta yakaisha. Injini haina habari na msiba.

Waziri alimkanyaga mguu, lakini alichelewa.

— Tarumbeta, alisema Mzee Corvel taratibu, yule ni mwanangu.

— Nisamehe, mzee wangu. Nilitaka kusema tu, aliye juu mngoje chini.

— Namngoja. Naogopa, ndugu zangu. Naogopa mpaka meno yananiuma.

Na mimi niliogopa, pengine kumzidi, maana hesabu ilikuwa yangu na wazo la shuka lilikuwa langu.

Hapo akatokea Honorine, dobi, kutoka nyuma ya mkahawa, mikono myekundu kwa maji, tenga tupu kiunoni.

— Mbona mmenuna hivyo?

Waziri akamweleza habari ya shuka. Honorine akaweka tenga chini.

— Jeupe?

— Jeupe.

— Leo Jumatatu, baba zangu. Huko nyuma tumetandaza mashuka sitini majanini tangu kulipopambazuka, yapigwe jua. Yeye huko juu atalijuaje la kwenu?

Nimezaliwa mji huu. Kila Jumatatu yenye jua nimeyaona mashuka yale, mpaka nikaacha kuyaona. Nilimtazama Waziri, Waziri akamtazama Tarumbeta.

Mzee Corvel alikuwa ameshaondoka, anakimbia kama kijana kuelekea majanini. Tukamfuata. Tuliyakusanya mabichi, libaki letu peke yake, tukiyakanyaga, Honorine na wenzake nao wakivuta, hakuna aliyelalamika.

Tulikuwa tumefika la kumi na tisa injini ilipokohoa huko juu. Mzee Corvel hakuinua uso. Alilivuta la ishirini.