Neno la Herufi Kumi na Tano

Kijiwe cha karibu na stesheni, pale Kilosa, kina benchi moja lililolegea mguu, cherehani ya Vitalis upande huu, sanduku la viatu la Bonifas upande ule, na katikati birika la Gaudiosa, ambaye huuza kahawa na kuwakemea wanywaji kwa wakati mmoja. Vitalis wanamwita Profesa kwa sababu alifika kidato cha tatu. Bonifas fundi viatu ni Injinia, maana babu yake alifanya kazi relini. Danieli ni Mtalii. Aliosha vyombo miaka miwili kwenye hoteli moja ya Mikumi, na tangu hapo hapokei kikombe bila kusema “thenki yu”. Sifa za Kiingereza cha watu hawa zimefika mpaka Rudewa, na ndizo zilizomponza Mzee Ngassa, mfugaji wa huko.

Alifika saa nne asubuhi kwa baiskeli, shati limelowa jasho, chupa ya dawa mfukoni na karatasi ya maelezo mkononi. Ndama wake wa wiki tatu alikuwa amevimba kitovu na magoti, hasimami tangu juzi. Na mama yake ni ng'ombe wa kienyeji: ndama asipokuwapo ubavuni, hashushi hata tone. Ndama akifa, wajukuu wanne hawana maziwa. Dawa aliinunua mnadani, na aliporudi kuuliza alikuta muuzaji ameshakunja turubai na kuondoka. Lebo ya chupa ilikuwa imefutika. Bwana mifugo alikuwa semina Morogoro, simu haipatikani. Ilibaki ile karatasi, nayo Kiingereza kitupu.

— Shikamoo, mzee, walimwamkia wote.

— Marahaba, wanangu. Naomba mnisomee hapa. Ndama achomwe kiasi gani?

— Kaa kwanza, mzee wangu, alisema Profesa. Hapa tuna dharura.

Mzee Ngassa alidhani kuna mgonjwa. Kumbe dharura yenyewe ilikuwa tangazo la Anastazia, mwenye duka la madaftari: atakayeleta neno refu kuliko yote la Kiingereza lenye herufi X, Y, C na L atapata redio ya sola. Neno likatwe kwenye maandishi ya kuchapwa, si ya mkono, libandikwe kwenye kadi, lifike dukani kabla ya saa sita mchana. Kijiwe kilikuwa hakina redio tangu ile ya zamani ilipoangukiwa na pasi ya mkaa, na wiki tatu sasa walikuwa wakisikia mpira kwa kusimuliwa.

— Sisi tuna “excellently”, Profesa alimweleza. Herufi kumi na moja. Nimeikata kwenye ripoti ya shule ya binti yangu.

— Na mtoto umemwambiaje? aliuliza Gaudiosa.

— Nimemwambia alifaulu.

— Lakini kijiwe cha Mikumi wana “inexplicably”! Injinia alidakia kwa uchungu. Kumi na mbili! Wale wa pale yanapolala malori. Watu hata salamu ya Kiingereza hawaijui.

— Wanangu, ndama...

— Dakika moja, mzee, alisema Injinia. Mimi nawaambieni, maneno marefu yaliletwa na treni. Babu alikuwa anayasikia yanashushwa hapa hapa stesheni. Treni za abiria zilipopungua, yakabaki haya mafupi ya kupandia bodaboda.

— Huna unalojua, alisema Mtalii. Mimi nimeishi na Wazungu. Mtalii mwenye hela anaongea maneno mafupi, “yes”, “no”, basi. Wale wahesabu tembo ndio wenye maneno marefu. Kuna mmoja alianza neno kwenye supu, akalimaliza kwenye matunda.

— Ni baridi hiyo, Profesa aliamua. Kwao baridi kali, mtu analirefusha neno ili mdomo upate moto. Na hiyo X waliiweka makusudi, tusifaulu mitihani!

Mzee Ngassa alihisi kichwa kinamgonga. Alikuwa amezoea kubishana na watu wa mashamba kuhusu mipaka, na hata wale hunyamaza wakisikia kuna mnyama anakufa.

— Jamani! alisema kwa sauti. Ndama wangu yuko chini! Nisomeeni mstari mmoja tu!

Hapo Profesa aliona haya, akaipokea ile karatasi. Macho yake yaliangukia juu kabisa, palipoandikwa kwa herufi nene, na midomo yake ikaanza kuhesabu.

— O, X, Y... Injinia, njoo! Oxytetracycline! C ipo, L ipo... Kumi na tano!

— Hilo si neno, ni dawa, alisema Mtalii.

— Dawa ya Kiingereza! Limechapwa au halijachapwa?

Benchi zima lilisimama. Mzee Ngassa naye alisimama, akafurahi, akijua sasa wanamsomea. Alimwona Profesa anachukua mkasi wa kukatia vitambaa, akafikiri anautoa njiani. Mkasi ulilia mara nne. Injinia alipaka gundi ya viatu, akabandika, akagandamiza kwa kisigino cha kiatu cha mteja.

— Mikumi wakalale! alipiga kelele Mtalii. Mzee, redio ikija, una nafasi yako hapa benchini.

— Sitaki redio, alisema Mzee Ngassa. Ndama achomwe kiasi gani?

— Sasa hivi, mzee wangu. Saa hii hii.

Profesa aligeuza karatasi, akasoma taratibu kwa kidole. Na kusema kweli alikuwa anajua. Kila mstari aliutafsiri bila kukwama.

— Ng'ombe... ndama... hapa hapa. Achomwe mara moja kwa siku, kwa siku tatu. Kwa kila kilo kumi za uzito, mililita...

Kidole kilitumbukia kwenye tundu.

Gaudiosa ndiye aliyeelewa wa kwanza.

— Mmekata na kiasi cha dawa kilichokuwa nyuma yake! Mijitu mizima! Bandueni hicho kikadi chenu!

— Gundi hii inashika soli ya buti, alisema Injinia kwa sauti ndogo.

— Bandua!

Profesa aliingiza ukucha na kuvuta. Lile neno lilichanika katikati na redio ikaenda nalo, lakini hakuna aliyelitaja. Karatasi ilitoka vipande vipande, na kwenye kipande kimoja ilionekana tarakimu peke yake, imelowa gundi, kichwa chake kimebaki kwenye kadi. Mzee Ngassa aliichukua, akaiinua juani.

— Ikiwa kidogo, anakufa, alisema. Ikizidi, anakufa. Haya, wasomi. Hii ni moja au ni saba?

Profesa alimtazama Injinia, Injinia akamtazama Mtalii, na Mtalii akakitazama kile kikadi. Gaudiosa aliinua birika amwongezee mzee kahawa, akalikuta tupu.

Mzee Ngassa aliigusa chupa mfukoni, akaishika baiskeli, lakini hakuipanda. Alisimama akiwatazama, bado anangoja jibu, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda kuuliza.