Bunduki ya Ubao

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mtu ambaye hamkuwahi kumsikia akisema hata neno moja hapa, lakini kazi yake mmeisikia miaka nenda miaka rudi. Ni Mzee Kishindo, fundi wa milio katika michezo yetu ya redio. Mvua mliyoisikia ilikuwa yeye na mchele juu ya sinia. Mlango uliolalamika ulikuwa yeye na bawaba aliyokataa kuitia mafuta. Na kila bunduki iliyowahi kupigwa katika michezo yetu, aliipiga yeye. Alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, usingizini. Mzee Kishindo, fundi wa milio.

Kabla ya kuja redioni alikuwa mlinzi wa ghala. Mchana mmoja mlinzi mwenzake alikuwa akiifuta bunduki kwenye ujia mwembamba, ikafyatuka. Haikumpata mtu. Ilitoboa gunia la sukari tu. Lakini sikio la kushoto la kijana Kishindo lilizimika pale pale, na halikuwaka tena. La kulia nalo liliziba kwa muda: alimwona mwenzake akichezesha midomo, akadhani anasali kimoyomoyo. Kumbe mwenzake anapiga mayowe.

Shikeni hilo, wasikilizaji: sikio la kushoto lilikufa kwa risasi moja iliyopigwa ndani ya nyumba.

Mjane wake anacheka akilisimulia. "Mimi nimekaa upande wake wa kulia maisha yangu yote," anasema. "Ukimwambia sukari imekwisha, anakugeuzia lile lililokufa. Utafanya nini?"

Alipoajiriwa redioni, mchezo wake wa kwanza ulitaka risasi ya barabarani. Akachukua ubao mwembamba, akaukanyaga upande mmoja, akauinua ule mwingine, akauachia. Ta. Mlio mkavu, mfupi, usio na mbwembwe. Huo ndio aliokuwa akiusikia enzi za ulinzi, alipopelekwa kujifunza kulenga shabaha, akisubiri zamu yake mbali na wenzake.

Mkuu wa vipindi wa wakati ule akavua miwani. "Hiyo ni bunduki au mlango wa kabati?"

"Mkuu, ukiwa nayo chumbani inaua sikio. Ukiwa ng'ambo ya barabara inalia hivyo hivyo."

"Nenda sinema ukajifunze bunduki inavyolia."

Akaenda. Alikaa pembeni kabisa, sikio zima likielekea kwenye pazia, akazitazama filamu za Hollywood moja baada ya nyingine. Alirudi hana mbavu. "Mkuu, wale watu wanapigana risasi ndani ya lifti, halafu wananong'onezana mapenzi! Yule dada anasikiaje? Na jamaa mwenye bastola amefyatua tangu filamu inaanza, hajajaza hata mara moja. Hiyo bastola ina kisima ndani?"

"Watu wanapenda," Mkuu akasema. "Nipe kishindo."

Basi akampa. Alitafuta pipa tupu la chuma, akaliweka kwenye korido, akalipiga kwa nyundo ya mpira huku kipaza sauti kikisikiliza kutoka mbali. Buuum! Ukuta ulijibu, ngazi zikajibu, wasikilizaji wakapagawa. Simu hazikukatika. Jina la Kishindo lilitoka hapo, na yeye alilivaa kama koti jipya. Siku moja alituambia, "Nimegundua kitu. Huko Hollywood nako yupo mwenzangu na pipa lake. Yeye ananidanganya mimi, mimi nawadanganya ninyi, mambo yanakwenda."

Mambo yalikwenda, wasikilizaji wapendwa, mpaka yalipofika kwa binti yake.

Binti yake mkubwa alikuwa fundi cherehani. Alishonea ghorofa ya kwanza, dirisha linatazama barabarani, na chini yake alikuwepo seremala. Asubuhi moja akasikia: ta, ta. Akajua seremala amevunja mbao za watu. Akainuka, akachungulia dirishani ili amtanie. "Fundi, leo umeamkia upande gani?" Hakuimaliza sentensi. Ng'ambo ya barabara watu wenye silaha walikuwa wakitoka kwenye duka la kubadilishia fedha. Risasi ilimpata kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko.

Hospitalini baba alikaa kando ya kitanda, sikio zima likimwelekea binti. Binti ndiye aliyesema. Hakusema kwa hasira, alikuwa kama anayeshangaa tu.

"Haikulia kama ya kwako, baba."

Kwenye sinema mtu akipigwa risasi ya mkono anafunga leso, anaruka ukuta, anaendesha gari. Binti huyu alipasuliwa mara kadhaa, na mpaka leo mkono haunyooki. Kitambaa kizito anakigeuza kwa mkono wa kushoto, polepole. Anashona bado. Lakini muulizeni habari ya leso.

Mzee Kishindo alirudi kazini, akalibingirisha pipa mpaka uani, akaliinamisha. "Mimi silipigi tena," alisema. "Binti yangu alikwenda dirishani kwa sababu yangu. Sitaki mtoto wa mwenzangu naye aende."

"Ni mchezo tu, Mzee," Mkuu akamwambia. "Msikilizaji anajua ni mchezo."

"Binti yangu alizaliwa na mtengeneza mchezo. Na hakujua."

Mkuu akashika lake, naye akashika lake. Tulikuwa tunarekodi hadithi ndefu ya mafuriko. Mzee Kishindo akauweka mchele wake kabatini, akafunga, ufunguo akautia mfukoni. "Hakuna mvua mpaka bunduki iwe ndogo." Waigizaji wakawa wanalia, "Jamani, mvua hii itatumaliza!" na nyuma yao kimya, kukavu kabisa. Mkuu akasema mvua gani inamshinda mtu mzima. Akamwaga maharage kwenye ndoo mwenyewe. Mwigizaji mmoja mama akatoka kwenye maneno yake, akauliza, "Mkuu, unakaanga nini?"

Mkuu akamwambia Kishindo asije tena kazini. Kishindo akaja, akakaa kwenye benchi la korido na ufunguo wake, akimgeuzia Mkuu lile sikio la kushoto. Alikuja hivyo hivyo kila asubuhi, mpaka mafuriko yetu yakawa kichekesho cha mji. Mwisho Mkuu akatoka, akasimama mbele yake, upande wa kulia.

"Leta huo ubao wako."

Tangu hapo mkasikia risasi nyingine. Ta. Na baada yake mwigizaji mmoja lazima aseme, "Laleni chini!" Mlilalamika sana. Mlisema bunduki zetu zimepata mafua. Mzee Kishindo alijibu kila alipoulizwa, "Wanicheke tu, ilimradi wanacheka wamelala chini." Miaka ikapita, mkazoea. Sisi tulidhani mmesahau.

Sasa niwaambie ya msibani. Uani palijaa watu. Mkuu wetu naye alikuja, amestaafu siku nyingi, mwili umemwongezeka. Akapewa benchi la kuazima, akaketi taratibu. Benchi likastahimili kidogo. Halafu ubao ukavunjika.

Ta.

Wasikilizaji wapendwa, ua lote lililala. Mama waliobeba sinia walilala na sinia zao. Waigizaji walilala. Seremala yule yule wa chini ya dirisha alilala, kanzu na yote. Hakuna aliyekwenda kuchungulia. Mkuu peke yake alibaki ameketi, katikati ya vipande vya benchi, anatazama migongo ya watu.

Kisha binti wa marehemu, kifudifudi, akainua kichwa. "Mkuu, hiyo ni bunduki au mlango wa kabati?"

Mjane ndiye aliyeanza kucheka, kisha ua zima. Mkuu alijaribu kucheka, akashindwa, akajifuta macho kwa kiganja.

"Hiyo ni ya baba yako," alisema.

Kwa mama mjane, kwa binti, kwa ndugu na majirani wote, pokeeni pole zetu. Mlitupa mtu wenu, tukamtumia vizuri na wakati mwingine vibaya. Na ninyi mlioko majumbani, mkikaa mbele ya filamu jioni, furahini, hakuna ubaya. Ila kumbukeni kwamba nyuma ya kile kishindo kuna mtu na pipa. Bunduki ya kweli, ikiwa mbali, mlio wake ni mdogo. Ukisikia ubao unavunjika mahali pasipo na seremala, dirisha liache. Lala kwanza, utauliza baadaye.

Fundi mitambo ameniuliza tumuage kwa pipa au kwa ubao. Familia imechagua. Unayeendesha gari, usishtuke, shika usukani vizuri. Wengine sikilizeni, na watoto wasikilize.

Huyu hapa, Mzee Kishindo.