Mama Spès na Mstari wa Neva

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Mama Spès anastaafu baada ya miaka ishirini na mitatu katika ghala letu la Mobeni, na mimi niliyepewa kazi ya kuandika habari zake nina furaha hadi kalamu haitulii!

Alianza kwa kufunga maboksi, akapanda hadi kuwa mkufunzi wetu wa huduma ya kwanza. Hakufundisha kwa picha za ukutani. Alitupanga mstari, tumefumba macho, tumeshikana mikono: sisi ndio neva. Wa mwisho alikuwa kidole cha mguu, wa katikati uti wa mgongo, wa kwanza ubongo. Akikanyaga kidole, habari hupanda kwa kubanana mikono, kisha amri hushuka: vuta mguu! Akisema kidole kimegusa moto, uti wa mgongo uliruhusiwa kutoa amri wenyewe, bila kungoja. Siku moja ubongo alikuwa meneja wetu, Athanase, naye alipata habari mguu umeshaondoka. Tulicheka hadi machozi! Mwenzetu Cathy, aliyesinzia mstarini, aliambiwa azishukuru neva zinazoendesha moyo na pumzi bila kuombwa.

Mwaka jana nilianguka kutoka juu ya kontena. Kwetu mtu akianguka, wenzake humkalisha upesi, wakammwagia maji na kumwombea. Walikuwa wameshanishika mabega Mama Spès alipokuja mbio akipiga kelele: "Eish, acheni! Musimuinue! Maombi iko sawa, lakini shingo yake musiguse!"

Alipiga magoti kwenye saruji, akakishika kichwa changu kisitikisike mpaka ambulensi ikafika. Miguu sikuisikia kabisa, na niliogopa sana.

Hospitalini walikuta mfupa wa shingo umepasuka, lakini neva zinazopita ndani yake zimevimba tu. Wangenikalisha, zingeweza kukatika. Wiki kadhaa baadaye Mama Spès alikuja kuniona na, kabla hata ya salamu, akanifinya kidole cha mguu. Kikajikunja! Alipiga vigelegele hadi nesi akaja kumnyamazisha.

Asante, Mama Spès, kwa yote. Tunakuombea mapumziko marefu na afya tele huko nyumbani kwako. Ijumaa tutakupangia mstari mmoja wa mwisho, safari hii ubongo ni wewe. Ukibanwa mkono, ujue habari imetoka chini kabisa, kwenye kidole cha mguu. Hapo nitasimama mimi, kwa miguu yangu.

Glody, dereva wa forklift