Kiapo Kilichoua Yabeshi

Siku ya tisa ya mwezi wa Zivu, jua likiwa utosini na shayiri ikiwa bado uwanjani haijapepetwa, ndipo walipomleta mjukuu wangu Elieli akiwa amelazwa juu ya punda, na tangu saa ile nyumba ya marehemu Yerohamu, baba yenu, imekuwa na ndugu wawili wasiopeana hata maji. Sikilizeni, wanangu. Kaeni chini nyote. Zakri, mwanangu wa kwanza, sogea hapa miguuni nijue uko wapi, maana macho yangu yanaona mwanga tu. Hodeshi, mkwe wangu, mama wa Elieli, kaa kichwani pangu. Mlango uacheni wazi. Najua ni nani aliyekaa kule nje, ng'ambo ya jiwe la mpaka, tangu asubuhi, na nataka upepo umpelekee maneno yangu, kwa kuwa yeye naye nilimzaa.

Nitasema polepole. Mtu akinikatiza sitaweza kuanza tena.

Mnangoja niseme habari za shamba, na shamba nitalisema. Lakini mtarithije udongo msioujua umelowana nini? Baba yenu hakupenda kuwasimulia. Kila mlipomuuliza alisema, "Kuleni, chakula kinapoa," nanyi mkala, mkakua mkiwa hamjui.

Ninyi ni Wabenyamini. Langoni mnajisifu kwa kombeo na kwa mkono wa kushoto usiokosa shabaha, mnasema baba wa kabila letu alifananishwa na mbwamwitu. Haya. Lakini kabla ya huyo mbwamwitu palikuwa na mwanamke njiani. Raheli alishikwa na uchungu kabla hawajafika Efrata, na Yakobo, mzee mwenye kondoo na ngamia na watumishi wa kumtumikia, alisimamisha msafara wote. Hakusema, tangulieni, huyu atatukuta. Kila mnyama alisimama kwa ajili ya mwanamke mmoja anayezaa. Raheli akafa pale pale, naye kwa pumzi ya mwisho akamwita mtoto mwana wa huzuni yake, na baba akambadilishia jina, akamwita Benyamini, ili asije akaibeba huzuni hiyo maisha yake yote. Sijui kama kubadilisha jina kulitosha. Lakini kumbukeni hili, wanangu: kabila lenu lilianza kwa msafara uliosimama.

Tena kule Misri, kijana huyo aliposhikwa, ndugu yake Yuda alijitoa awe mtumwa badala yake. Kwa hiyo Benyamini alizaliwa kwa sababu watu walimngoja mama yake, na akaishi kwa sababu ndugu yake alikubali kupata hasara. Baada ya hapo tukasahau yote mawili.

Habari ya Gibea mnaijua kwa minong'ono. Mwanamke mgeni aliuawa pale na watu wabaya, watu wa kwetu, na makabila yote yakaja kuwadai wahalifu wale. Wazee wa Benyamini wakasema ndugu ni ndugu hata akioza, wakakataa kuwatoa. Basi vita vikawa vya ndugu kwa ndugu, na kombeo zenu mnazojisifia zikaua watu wengi siku mbili za kwanza, na siku ya tatu zikanyamaza. Watu wa makabila yale wakachoma miji ya Benyamini. Hawakubagua mzee wala mwanamke wala aliyekuwa mgongoni. Wakabaki wanaume mia sita tu, wamejificha kwenye mwamba wa Rimoni kama pelele, na baba yenu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na mke aliyeitwa Hushimu, na watoto. Aliporudi hakuwakuta.

Sasa sikilizeni vizuri, hasa wewe Zakri. Kabla ya vita watu wa makabila yale walikusanyika Mispa, na kwa hasira wakaapa viapo viwili. Wakaapa kwamba hakuna atakayemwoza binti yake kwa Mbenyamini. Wakaapa pia kwamba mji usiokuja Mispa utakufa. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, unalala popote unapolazwa. Vita vilipokwisha, walikaa Betheli wakalia mpaka jioni kwamba kabila moja limekatwa katika Israeli. Walililia jeraha walilolichonga wenyewe. Kisha, badala ya mmoja wao kusimama na kusema, "Tuliapa kwa upumbavu, tumwendee Mungu tukatubu," wakatafuta mlango wa nyuma. Wakahesabu watu, wakaona kwamba Yabeshi ya Gileadi haikuja.

Hodeshi, nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Mimi, Hogla, ni wa Yabeshi. Ninyi mnajua natoka ng'ambo ya Yordani, basi. Hakuna aliyekuja kutuuliza kwa nini hatukwenda Mispa. Baba yangu alikuwa na sababu yake, na jirani yetu alikuwa na yake. Wanangu, yawezekana sababu zile zilikuwa mbaya. Lakini hazikuulizwa. Walikuja asubuhi, na mama alidhani ni wageni, akaniambia niongeze unga. Nilikuwa msichana ambaye hajaposwa, na kwa ajili ya hilo peke yake niliachwa hai. Askari aliyenishika mkono alikuwa akilia. Akaniambia, "Usinitazame hivyo, dada, tuliapa." Nimeishi miaka yote hii na bado nasikia sauti yake. Alikuwa akiua huku analia, na kiapo kikiwa salama mkononi mwake, hakina hata ufa.

Wakatupeleka Shilo, wakatugawa kwa wanaume wa mwamba wa Rimoni. Hivyo hakuna aliyemwoza binti yake, mnaona? Baba zetu walikuwa wamekwisha kufa. Nasi hatukutosha, kwa hiyo wale waliobaki wakaambiwa wajifiche katika mizabibu siku ya sikukuu, mabinti wa Shilo watakapotoka kucheza ngoma, kila mtu akamate wake. Kwa kuwa aliyeibiwa hakutoa. Wazee wenye mvi walikaa wakalipanga jambo hilo, wakalala usingizi.

Baba yenu aliponiona alinitandikia vazi lake nikae, akasema, "Mimi nilikuwa na mke. Wewe ulikuwa na mama. Lia mwezi mzima, hakuna atakayekugusa, nami nitalia upande ule wa ukuta." Akafanya hivyo. Sikumpenda siku ile wala mwaka ule. Nilimpenda baadaye sana, siku nilipomkuta anamtengenezea mtoto wetu Beraya mwanasesere wa majani ya ngano, akikosea kila mara na kuanza upya. Sisemi kwamba mema yalifuta mabaya. Nasema tu ilivyokuwa.

Mnajua kwa nini katika kijiji chetu hapakuwa na bibi? Hamkuwahi kujiuliza kwa nini hamkubebwa na mama wa baba? Hapakuwa na mwanamke hata mmoja aliyejua nyimbo za Kibenyamini za kumlaza mtoto. Tuliwaimbia za Gileadi, na wale wa Shilo wakawaimbia wana wao za Shilo, nanyi mkakua mkidhani ndizo za kabila. Hata kusema kwenu, mkikasirika, kuna lafudhi ya ng'ambo. Kisimani tulitaniana, maana kilio nacho huchoka. Wa Shilo walisema, "Ninyi mliletwa kama nyara, sisi tulichaguliwa tukicheza." Nami nikamjibu mmoja, "Mwizi wako alikuwa amejificha kwenye majani, shoga, angekuona vizuri angerudi Rimoni." Tukacheka mpaka mitungi ikamwagika. Halafu mmoja akaanza kulia, nasi sote tukarudi kuchota maji.

Hilo ndilo kabila lenu. Hamkutoka kwa mbwamwitu, wanangu. Mmetoka kwa watu waliokuwa na kiapo mkononi, wakashindwa kukiweka chini.

Sasa nafika kwako, Zakri. Pembe ilipopigwa siku ile, wanyang'anyi wa Amoni walipovuka mto, wanaume wote walitoka na mwanao Elieli akatoka, na ndugu yako Beraya hakutoka. Elieli akauawa ubavuni, mahali palipokuwa pa Beraya kusimama. Hilo ni kweli, na silipunguzi. Nilimwosha kijana yule kwa mikono hii. Ulisimama langoni, vumbi la kaburi likiwa bado miguuni mwako, ukaapa kwa Bwana kwamba Beraya akikanyaga tena shamba la baba yenu utamuua kwa mkono wako. Watu wakaitika, amina. Je, kuna aliyemuuliza ndugu yako kwa nini hakutoka? Hukumuuliza. Mkewe alikuwa na uchungu tangu jana yake na mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba ile. Mimi na Beraya ndio tuliomshika mkewe, mmoja huku na mwingine huku, na pembe tuliisikia sote. Beraya aliinuka mara mbili akaufikia mlango. Mara ya pili mkewe hakulia tena, na ukimya ule ndio uliomrudisha. Alisimamisha msafara, Zakri. Mwana wa Raheli, unamhukumu mtu kwa kusimama kando ya mwanamke anayezaa?

Usinijibu. Najua unachotaka kusema, kwamba mwanao naye alizaliwa na mwanamke. Hodeshi analisema hilo kila siku kwa macho yake, na hana kosa. Mwenye kovu usidhani amepoa. Siwaambii msiomboleze.

Jana alikuja mzee Shashaki, jirani yetu, mtu wa hekima nyingi. Alinong'ona hapa akidhani nimelala. "Kiapo kinasema akikanyaga," alisema, "basi tumweke Beraya juu ya mkeka, tumbebe kama mzigo wa nyasi mpaka kitandani kwa mama yake, amuage, tumrudishe vilevile. Mguu hautagusa udongo, Bwana hatakuwa na neno." Nawe Zakri ukasema, "Hilo linawezekana." Nikasikia furaha katika sauti yako, furaha ya mtu aliyeona mlango wa nyuma.

Nakataa. Mwanangu hataletwa kwangu kama nyasi. Afadhali nife sijamgusa. Na mkimbeba leo, kesho mtafanya nini nikiwa nimekufa? Atachota maji wapi? Binti yake akikua na kukimbilia kipepeo akavuka jiwe, mtakaa tena langoni mpime nyayo za mtoto? Hivyo ndivyo ilivyofanyika Shilo. Ujanja uliokilinda kiapo ulituzika sisi.

Sheria ipo, na mliijua hata kabla sijaisema. Mtu akiapa kwa haraka ya midomo yake, kisha akatambua, na aende aungame, apeleke mbuzi jike, na kuhani atamfanyia upatanisho. Ni aibu. Watu langoni watasema Zakri wa Yerohamu hana neno. Wacha waseme. Ibebe aibu hiyo, ni mzigo wa mwanamume. Mbuzi afe, ndugu aishi. Yule mweusi mwenye doa ni wangu mwenyewe, nakupa, mpeleke Shilo kesho. Na leo, hapa, nikingali na masikio, toka wewe mwenyewe mpaka kwenye jiwe, umshike mkono, aingie kwa miguu yake.

Kisu chako kiache hapa kitandani.

Shamba la mteremkoni na mizeituni yake ni la Zakri, na la bondeni na nusu ya birika ni la Beraya, kama alivyosema baba yenu. Jiwe langu la kusagia ni la yule mtoto mchanga wa kike aliyezaliwa siku ya pembe. Vazi la baba yenu, lile alilonitandikia Shilo, nizikeni nalo.

Mbona hujainuka, Zakri? Nasikia unavyopumua. Ndivyo alivyokuwa akipumua baba yako akifikiri.

Haya. Ameinuka. Hodeshi, niambie unachokiona, wala usinipambie. Amefika uani. Ndiyo. Amesimama. Bado amesimama? Mwache asimame. Hodeshi, mwanangu, umeinuka. Unaenda wapi? Nenda. Nenda, mama. Kama ni wewe utakayefika kwanza, basi nenda.

Sioni kitu. Nani analia? Ni mwanamke, ni Hodeshi. Na huyu mwingine mwenye sauti nzito, ni Zakri, hajalia hivyo hata kaburini kwa mwanawe. Semeni basi, ninyi watoto mliobaki humu, wako wangapi wanaokuja? Watatu. Wanatembea? Wote watatu wanatembea.

Beraya. Mkono wako wa baridi. Ulikaa juani siku nzima na mkono ni wa baridi. Usiseme kitu, baba. Kaa na ndugu yako. Mwache awe na uchungu nawe bado, hautakwisha leo, wala mwakani. Mkae tu upande mmoja wa jiwe.

Mtanibeba ninyi wawili, Zakri mbele, Beraya nyuma. Mnilaze kando ya Yerohamu, uso uelekee mto, kwetu. Bwana awape wana na binti watakaoapa kwa uchache na kuuliza kabla ya kupiga. Awape mvua kwa wakati wake. Awape...

Pumzi. Ngojeni.

Itikeni, nitaomba. Ee Bwana uliyemsikia Raheli njiani, mkumbuke Elieli, kijana wetu, aliyetoka alipoitwa. Mkumbuke Hushimu na watoto wake, sikuwaona, nimekaa mahali pao. Yule mwanamke wa Gibea ambaye hakuna aliyetunza jina lake, wewe unalo. Baba yangu. Mama, na unga wake mikononi. Ndugu zangu wa Yabeshi, waliolala bila wa kuwafunika, uwafunike wewe. Wapumzishe, Bwana. Wapumzishe wote... wala usiwaulize... kwa nini hawakuja.