Si Alizeti, Si Ulimi wa Bibi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mzee wa kanisa, nishushie hiyo maiki, si unaniona nilivyo? Mgeni akinikuta hapa mbele atadhani nimekuja kuimba na watoto wa shule ya Jumapili. Mimi ni mtu mzima, na leo nina neno.

Nimezaliwa Kinyangiri. Sikukua. Mdogo wangu alinipita kimo, akavunja ungo, akaolewa; mimi sijavunja ungo mpaka leo. Naam, nalisema kanisani! Wachumba walikuja kwetu wakaishia kumwulizia mdogo wangu. Na sababu nyumbani ilijulikana. Mama akiwa na mimba yangu aligombana na mkwe wake, bibi yangu mzaa baba, na bibi akatamka, "Utazaa kisichokua." Akafariki hawajapatana. Basi! Kila kilichonipata kikawa ulimi wa bibi.

Nikaja hapa Singida Mjini, nikapata kazi kwenye mashine ya kukamulia alizeti. Mchana mmoja kichwa kikanigonga, macho yakaingia giza, nikaanguka juu ya magunia ya mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Hospitalini nesi akanipima presha, akakitazama kipimo, akapima tena. "Dada, umefikaje hapa ukiwa hai?" Damu nayo ikapimwa, wakasema ina mafuta yaliyozidi; nyingine, kwa ajili ya kimo changu, wakaituma ikapimwe mbali.

Jamani, mafuta! Mimi niliye mkavu hivi! Wenzangu kazini wakasema si ajabu, nashinda nimelowa mafuta ya alizeti, lazima yanapenya kwenye ngozi. Nikaamini! Nikaacha kazi, nikawa nasugua mikono kwa majivu mpaka ikachubuka. Presha haikushuka.

Mama akapanda basi akaja. Akasema dawa za hospitali hazifungui laana. Niziache, kwanza twende tukaombe radhi kwenye kaburi la bibi. Ndugu zangu, kichwa kinataka kupasuka, na mama yangu mzazi ananisihi kwa machozi nisimeze kidonge! Nikamwambia, "Mama, nisindikize kwa daktari mara hii moja. Majibu ya kile kipimo cha mbali yamerudi."

Namshukuru Mungu kwa siku ile! Daktari, dada mpole, akamwamkia mama shikamoo, ndipo akanigeukia. Akasema ndani ya mwili wa kila mtu kuna vifurushi vidogo vidogo vya urithi, vinaitwa kromosomu. Mwanamke kwa kawaida ana mbili za aina iitwayo X. "Wewe umezaliwa na moja."

Moja! Nikauliza, "Kwa hiyo mimi si mwanamke?"

"Ni mwanamke kabisa. Mwanamke mwenye X moja."

Akaeleza kwamba ndiyo maana sikurefuka, wala sikuvunja ungo. Tena ukosefu huo unagusa moyo na mishipa, kwa hiyo presha na mafuta ya damu huwapanda wanawake wa namna yangu wangali vijana. Alizeti haihusiki, nikipata nafuu nirudi kazini.

Mama akasimama. "Daktari, si ulimi wa mkwe wangu?"

"Hapana, mama. Hutokea mwanzoni kabisa, mimba inapotungwa. Hakuna aliyemloga, na wewe hukukosea kitu."

Yesu wangu! Mama alikaa sakafuni pwaa! Akalia, "Miaka yote hii!" Nilidhani aliyefungwa ni mimi, kumbe ni yeye. Kila aliponitazama alijiona ndiye aliyeniharibu. Akajifuta kwa kanga, akachukua vidonge vyangu, akaomba maji. "Meza, mwanangu." Nikameza.

Aliporudi Kinyangiri alikwenda kaburini peke yake, akang'oa magugu, akasema, "Mama, nisamehe. Nilikusingizia."

Presha imetulia, ndugu zangu. Dawa nameza kila siku na kliniki ya moyo siikosi. X sijaongezewa, wala msiniombee niongezewe! Ila wewe mwenye binti asiyekua, asiyevunja ungo, usianze kumtafuta mchawi. Mpeleke akapimwe, moyo wake usikilizwe, na umtegemee Mungu njia nzima, kwa maana hata pale kwa daktari nilimkuta. Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa mwenye X mbili, na mwenye moja kama mimi, na ninyi wanaume na zenu mnazozijua wenyewe, tumpe Bwana makofi, kisha mnisemee amina ya nguvu kwa ajili ya mama yangu!