Mbwa Bado Amelala Mlangoni

Ndugu, jamaa, majirani na wenzetu wa banda kuu la mbwa, poleni kwa msiba na poleni kwa kusimama, maana tuliwaambia mazishi ni saa nne na sasa inakaribia saa sita, jeneza bado liko chumbani, na mbwa anayeitwa Tandiko bado amelala kwenye kizingiti kama mnavyomwona, pua imegusa mwimo huu, mkia umegusa ule, wala hana habari na sisi. Mimi ni mdogo wake marehemu, mwashi, niliyejenga karibu nusu ya nyumba mnazolala, nami nimeombwa na familia nifanye mambo mawili, la kwanza nisome historia ya dada, na la pili, nikimaliza kusoma, nimwinue mbwa ili tutoke. La kwanza nalifanya sasa, hilo la pili nitalijibu mwishoni.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mwinua Mbwa, alizaliwa tarehe 9 mwezi wa pili, mwaka wa tatu tangu Vumbi, katika chumba cha nyuma cha lililokuwa duka la vioo, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, enzi zile ambazo jua lilionekana saa mbili tu kwa siku, na nyumba zilianguka mchana kweupe, taratibu, kama mtu mzima anayekaa chini kupumzika. Mama alitusimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa, aligeuza sikio upande wa ukuta, akasikiliza, ndipo akalia, wote wakatoka nje mbio, na ukuta ukaanguka. Mimi hilo sikuwahi kuliamini, lakini mama hakuwa mtu wa kusema uongo, katika familia yetu kazi hiyo niliichukua mimi.

Mwaka wa kumi alianza shule katika ghorofa ya chini ya jengo la kuegesha magari, palipokuwa na walimu wawili na ubao uliokuwa mlango wa lori, akajifunza kusoma, kuhesabu na kunyamaza, kwa sababu mwalimu wa pili aliamini kwamba asiyejua kunyamaza hawezi kufundisha mbwa. Mwaka wa kumi na tisa alipokelewa banda kuu, akafuzu ulezi wa mbwa tarehe 30 mwezi wa kumi na moja, mwaka wa ishirini na mbili, akiwa wa kwanza kati ya kumi na wanne, na baba akamshonea koti lenye mifuko tisa, ambalo amevalishwa leo.

Kwa faida ya vijana, ambao hudhani mbwa walikuwa hivi tangu dunia iumbwe, niseme kwamba wakati ule banda lilikuwa na mbegu tatu tu. Walikuwapo Mataa, warefu, weupe, wenye taa na njuga shingoni, waliowatangulia watu siku za vumbi, na wenye umri wangu mnakumbuka ulivyotembea mji mzima umeshika kamba, mbwa mwenyewe humwoni, waona mwanga tu unaelea mbele yako, mara umefika kwako na hujui umepita wapi. Walikuwapo Visima, wafupi wa miguu, wakaidi, wanaochimba palipo na maji salama na kukataa katakata palipo na sumu, hata umpe nini. Na walikuwapo Vizingiti, wadogo, wa kijivu, masikio yakiburuta chini, ambao husikia ndani ya kuta kile ambacho sisi hatukisikii, na nyumba ikitaka kuanguka hujilaza mlangoni, wala hawabweki. Kanuni ya jiji kila mtoto anaijua, mbwa akilala, watu waamke, mlango ule hauvukwi, na anayemwinua hunyang'anywa kazi yake kwa muda watakaoamua wazee wa mtaa.

Dada alilea Vizingiti, na aliishika kanuni hiyo hata pale ilipomchekesha mwenyewe. Mwaka wa ishirini na nne mbwa mmoja mvivu alijilaza mlangoni kwa baba yetu, na mtaa mzima ulijua kwamba alichokipenda pale ni jua la asubuhi, lakini dada alikataa kumgusa, baba akashona nje miezi minane, mvua yake, vumbi lake, akimsalimia binti yake kwa kumwonyesha kidole kilichochomwa sindano. Naomba jambo hili mlishike, nitalirudia.

Tarehe 4 mwezi wa nane, mwaka wa ishirini na sita, alifunga ndoa na fundi wa taa za mbwa, shemeji yangu, mtu mpole aliyezoea kuongea peke yake akiwa kazini, nao walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka wa ishirini na saba, ambaye leo ni msimamizi wa Visima, na kijana aliyezaliwa mwaka wa thelathini, ambaye ameamua kufuga kuku, na mama yake alimwunga mkono.

Ndugu zangu, historia iliyoandikwa na familia hapa inasema hivi, kwamba tarehe 17 mwezi wa sita, mwaka wa thelathini na sita, marehemu alifanya kosa la kumwinua mbwa katika mlango wa karakana mpya ya mumewe, karakana ikaanguka, mumewe akafariki, naye akasimamishwa kazi miaka saba. Karatasi hiyo naiweka chini.

Karakana ile niliijenga mimi, nikapandisha ghorofa ya tatu juu ya kuta za zamani, dada akaniambia zimechoka, nikamjibu kwamba yeye ashughulike na mbwa na mimi na timazi yangu ya kupimia kuta. Asubuhi ile nilikuta Kizingiti amelala mlangoni, na saa sita nilitakiwa kukabidhi kazi mbele ya watu, nikaona haya, nikasema moyoni kwamba huyu naye kapenda jua. Nikamwinua. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na moyo wake ulikuwa ukienda mbio kifuani pangu, nami nikamfungia stoo. Shemeji alikuja, akakuta kizingiti kitupu, akaingia kutundika taa, huku akiongea peke yake, na saa saba na nusu ikawa basi.

Dada alifika vumbi likiwa bado halijatulia, akanitazama, akayaona manyoya ya kijivu kwenye shati langu, akanipangusa kwa kiganja, taratibu, mpaka yakaisha. Siku ya pili alisimama mbele ya wazee wa mtaa akasema yeye ndiye aliyemwinua. Nilipomfuata nikilia, aliniambia hivi tu, na ninayarudia maneno yake kama yalivyo, kwamba walezi wa mbwa wapo wengi, waashi mmebaki watano, na watu elfu nne wanalala kwenye mahema, kajenge, lakini safari hii jenga vizuri. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, yangu imefika miaka ishirini na miwili kwa sababu kuna mtu alikuwa akinibeba mgongoni. Na nyinyi nawauliza, mtu aliyemwacha baba yake nje miezi minane kwa ajili ya mbwa mvivu, mliaminije kwamba alimwinua mwingine?

Wanawe niliwaambia alfajiri. Binti alinitia karatasi hii mkononi, akasema, mjomba, kasome. Kijana bado hajasema nami, na ana haki.

Katika miaka ile saba, akiwa amekatazwa kugusa Vizingiti, akiimbiwa na watoto njiani jina lile la Mwinua Mbwa, alichukua majike ya Mataa yaliyozeeka na madume mazito yasiyo na kazi, akazalisha mbegu ya nne, Waegemeaji, hawa wakubwa wa kahawia mnaowaona, ambao hawana wanachokijua zaidi ya kumtafuta mtu mwenye uzito moyoni na kumwegemea. Wako waliocheka kwamba kazi ya kuegemea hata wao wangeiweza, lakini leo namwona fundi bomba kule nyuma, aliyecheka kuliko wote, na mbwa wawili wanamwegemea. Mimi waliniegemea tangu siku ya kwanza, sikujua nijifiche wapi.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, kifua kilianza kumsumbua, lile vumbi la utotoni likidai nafasi yake, na tarehe 2 mwezi wa tano mwaka huu, wa hamsini na nane, Tandiko alikuja akajilaza mlangoni pa chumba chake. Nilikagua kuta siku tatu, nikagonga, nikapima, sikuona hata ufa wa kupitisha unywele, dada akacheka mpaka akakohoa, akasema acha, mdogo wangu, anachokisikia huyu si ukuta. Kwa kuwa kanuni inataja mlango na haitaji dirisha, daktari aliingia dirishani siku kumi na tisa, na mkoba wake, na kilo zake, na supu za majirani zikapita humo humo. Mimi nilikaa nje ya kizingiti, tukazungumza mbwa akiwa katikati, habari za utotoni, za baba na sindano yake, na tarehe 21 mwezi wa tano, saa tisa alasiri, alinyamaza katikati ya sentensi. Ameacha watoto wawili, wajukuu watano na mbwa thelathini na mmoja.

Familia inamshukuru daktari kwa tiba na kwa magoti yake, majirani kwa supu, walezi wenzake wa banda kuu, na wachimba kaburi wanaoendelea kutusubiri.

Sasa lile ombi la pili. Mwiko wangu wa uashi nimeuweka pale chini, karibu na pua ya Tandiko, wazee wa mtaa wauchukue, na wanangu niliowafundisha ujenzi wapo. Jina la Mwinua Mbwa ni langu, naombeni mnirudishie, kwenye kaburi lake msiliandike. Na mbwa simwinui, hata mkinisihi mpaka jioni, hata kama jeneza, lililoundiwa humo ndani kwa mbao zilizopitishwa dirishani, lenyewe haliwezi kupita humo, mimi nilishamwinua mmoja. Wenye haraka waende, hatutawalaumu, sisi tuliobaki tukae chini, Waegemeaji wanatutosha. Pumzika kwa amani, dada, tutakutoa Tandiko akiamka mwenyewe.